Bahari Nyuma ya Kioo

Chumba namba 6,
Nyuma ya soko la mboga,
Ulsan.
Jumapili, 21 Mei 2017

Mpendwa dada Ok-nan,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo hii ya maji. U hali gani? Goti lako limetulia? Mara ya mwisho ulisema ngazi za kituo cha treni zinakutesa, nami tangu hapo nalikumbuka goti lako kila ninapopanda ngazi za meli. Shemeji Du-man hajambo? Wanao Misaki na Takuya je? Mungu awakinge na joto la Osaka, maana najua likishaanza halina adabu.

Mimi ni mzima, kwa uzima wa mtu wa miaka hamsini na moja anayeshinda ndani ya tumbo la meli. Kikohozi kipo, lakini tumeshazoeana. Vidole viwili vya mkono wa kulia vinakufa ganzi kwa sababu ya mashine ya kusugulia kutu, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka. Usinicheke. Unajua shule niliiacha mapema, na wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu.

Karatasi yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Najua umekuwa ukisubiri jibu na pengine umeshanitukana moyoni. Sikutaka kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hugombana kabla hatujamaliza kusalimiana. Nimeona bora niandike, ili uniache niseme mpaka mwisho.

Nimeisoma mara nyingi. Sisi, watoto wa Bu Gye-hwa, tunaomba jina la mama yetu lifutwe katika kundi la wapiga mbizi wa kijiji, asizame tena, nasi tutamtunza. Muhuri wako wa jina upo pale chini, mwekundu, umenyooka. Pembeni umeacha nafasi ya muhuri wangu. Mkuu wa wapiga mbizi amesema hawezi kumfuta mama bila mihuri ya watoto wote wawili, kwa hiyo mama abaki au aondoke, ni juu yangu.

Nitakwambia ukweli. Mara mbili nilitoa muhuri kwenye kopo lake nikaupaka wino. Tangu ile siku ya mwezi wa tatu alipoibuka akaishiwa nguvu juu ya maji, wenzake wakamkokota hadi mwambani akiwa mweupe kama karatasi, mimi silali vizuri. Daktari kasema moyo wake umechoka. Ana miaka sabini na sita. Nikasema, basi, aende Osaka akakae na dada, nami nipumue. Nimeandika nipumue, na ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nataka kupumua mimi.

Sasa sikiliza kilichonizuia.

Mwezi huu kikosi chetu cha kiwanda cha meli kilitimiza siku mia tatu bila ajali. Sisi tukadhani tutapewa nyama ya kuchoma na pombe. Msimamizi akaja na bahasha, kufungua, tiketi za kwenda Busan kutazama samaki. Ungemwona mwenzangu Cho, yule mnene niliyekusimulia. Akaishika tiketi kwa ncha za vidole, akasema, "Wamewasamehe samaki, wakatunyima ng'ombe." Tukacheka mpaka msimamizi akaondoka kwa hasira. Lakini tulikwenda, maana siku ya kazi ukilipwa kwa kutembea huikatai.

Ni jumba kubwa lililochimbwa chini ya ardhi, giza tupu, na kuta zake ni vioo vyenye maji nyuma. Wanafunzi walijaa kama dagaa. Nasi wazee wa kiwandani tukatembea katikati yao, tumefunga mikono nyuma, kama watu waliokuja kukagua kazi.

Dada, mimi nimezaliwa ufukweni, lakini siku ile nilijiona mshamba. Samaki nimewajua maisha yangu yote wakiwa kwenye kapu, kwenye ubao, kwenye sahani. Nimewajua wakitweta. Sijawahi kumwona mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka, akiwa nyumbani kwake, amekaa tunduni, ametoa kichwa tu kama bibi anayechungulia dirishani kujua nani anapita. Sijawahi kumwona taa, samaki yule bapa, akiinuka kutoka mchangani, akitikisa vumbi, akaenda zake bila haraka. Kuna wale wa utelezi wanaowasha, wasio na macho wala mifupa, walikuwa wanafunga na kufungua miili yao kama mtu anayepumua usingizini. Nilisimama pale mpaka Cho akaja kunivuta.

Cho yeye kila tangi alikuwa na lake. "Huyu wa supu. Huyu wa kukausha. Huyu hapana, ana miiba mingi, mpe mkwe." Mama mmoja aliyekuwa na watoto akamgeukia, akamwambia, "Mzee, watoto wanasikia." Cho akainama kwa heshima akasema, "Samahani mama, nina njaa tangu saa kumi na mbili."

Mimi nilikuwa nimeshahama. Nilipoona pweza amejibana kwenye jiwe, amegeuka rangi ya jiwe, anatutazama kwa jicho moja, nilijiuliza: mama amemwona huyu mara ngapi? Miaka hamsini na tisa ameishi nusu ya siku zake chini kule. Sisi tumekula alichopanda nacho, tumevaa, tumesoma. Hata siku moja hatujamuuliza kukoje.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimngoja? Pale juu ya miamba myeusi, upepo unapiga, wewe umenifunga shali yako, umenipa chenza nishike nisilie. Tulichokiona ni boya lake la rangi ya chungwa basi. Mama akizama, wewe unaniambia, "Ziba pumzi, Tae-bong, naye kaziba." Nami naziba. Pumzi ikiniishia kabla yeye hajaibuka, najua amekufa. Kila siku mama yangu alikufa mara themanini au mia. Halafu unasikia ule mluzi anapoachia pumzi, fiii, mrefu, unapita juu ya maji, nasi tunapumua pamoja naye. Mpaka leo mluzi wowote ukipigwa kiwandani mimi hugeuka.

Tangi kubwa kuliko yote lilikuwa mwishoni, refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Wakatangaza mchezo. Taa zikawaka majini, na kutoka juu akashuka mpiga mbizi. Si kijana mwenye mtungi wa hewa mgongoni, hapana. Mwanamke wa kwetu, suti nyeusi ya mpira, miwani ya duara, chuma bapa mkononi, kapu la nyavu kiunoni. Nimeona wapiga mbizi wakizama maisha yangu yote, nikaona nyayo zao zikipotea. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona nyayo zinakotokea, kumwona mtu anakuja kutoka juu. Alishuka kichwa chini, mikono imetulia, hana papara kabisa. Kwenye nchi kavu mama yetu anatembea akiyumba kama bata. Kule chini hakuna uzee. Huyu mwanamke alikuwa na mikunjo usoni, nimeiona, lakini mwili ulikuwa wa msichana.

Akafika chini, akaingiza chuma chini ya kombe mkubwa, mnyama wa gamba aliyeganda mwambani. Akasukuma. Kombe hatoki. Akasukuma tena, akaweka mguu, akajipinda.

Mimi bila kujua nilikuwa nimeziba pumzi. Kama nilivyofundishwa zamani. Nikangoja aibuke. Haibuki. Kifua changu si kile cha utotoni, kimejaa vumbi la chuma, pumzi ikaniishia, na yeye bado yuko chini, mkono kama umenasa. Sijui nilipita vipi kati ya wale watoto. Nilijikuta napiga kioo kwa ngumi mbili, nalia kwa lugha ya kwetu kisiwani, "Achia! Achia kombe uje juu! Mpandisheni jamani, anakufa!"

Watoto wakaanza kulia. Walinzi wawili wakanishika kwapa. Yule mwanamke akageuka, akanitazama kupitia maji, kisha akang'oa kombe kwa mkono mmoja kama anachuma nyanya, akawapungia watu mkono, akapanda juu polepole. Watu wakapiga makofi. Ulikuwa mchezo. Anajifanya kushindwa ili watoto wafurahi.

Nilitamani sakafu ipasuke. Mlinzi akanionyesha bango, "Huwezi kusoma, mzee? Usigonge kioo. Samaki wanashtuka." Cho akaniegemea sikioni, akasema, "Kaka Hyeon, siku mia tatu hakuna ajali. Umezivunja wewe, tena kwenye matembezi."

Walinikalisha kwenye benchi karibu na mlango wa wafanyakazi. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mmoja mfupi, nywele zinachuruzika, ana taulo shingoni na mkate wa maharage mkononi. Akauliza kwa lafudhi ya kwetu, "Nani amenigongea kioo kama anadai nyumba yake?"

Nikasimama, nikainama mpaka kiuno kikalia. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama yako anazama."

Hakuuliza, alisema. Nikajibu, "Ndiyo. Umejuaje?"

"Watu wa bara wananipigia makofi," akasema. "Anayenipigia kelele ni mtoto wa mpiga mbizi tu. Kaa. Shika mkate."

Jina lake Yang Sun-im, miaka sabini na moja, wa upande wa kusini wa kisiwa chetu. Nikamweleza habari za mama, za mwezi wa tatu, za karatasi yako. Akawa anatafuna anasikiliza.

"Mtampeleka wapi?"

"Osaka. Kwa dada yangu."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa."

Akacheka akapaliwa. "Wangu waliniweka ya kumi na nne! Bafu la maji moto, kiti cha kukanda mgongo, televisheni kama mlango. Wanangu si wabaya, usinielewe vibaya. Waliogopa. Nilikaa miaka miwili natazama saa ya ukutani, najua maji yanajaa, najua yanakupwa, na sina pa kuyaona. Halafu nikasikia hapa wanatafuta bibi wa kuzama. Sasa nazama mara tatu kwa siku, namng'oa kombe yule yule. Jioni wanamgandisha tena. Nimempa jina."

"Umemwita nani?"

"Mkwe wangu. Kazi yake kung'ang'ania alipo."

Nilicheka, dada, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Akatazama ule mlango wa tangi. Akasema, "Maji yake hayana harufu. Hakuna mkondo. Kila samaki mle anazunguka upande mmoja. Mtu anaweza kufa kwa hilo pia, ila anakufa taratibu, na watoto hawaitwi wauaji."

Nikamwambia, "Kwa hiyo nimwache mama afie majini?"

Akanipiga kofi la bega, si la mchezo. "Nimesema hivyo? Mimi nimemvuta rafiki yangu kwa mikono hii, amekufa kwa tamaa ya kombe mmoja zaidi. Usiniletee upuuzi. Kwenu hakuna bahari ya mabibi?"

Ipo. Wewe uliondoka zamani lakini huwezi kuwa umeisahau, ile ghuba ndogo upande wa kulia wa mwamba wa kushukia, maji ya kifuani, ambako wenye nguvu hawaruhusiwi kuvua ili wazee wapate. Wenzake wa rika la mama wote wapo kule miaka mingi. Mama bado anakwenda kushoto, kwenye kina, na wanawake wa miaka hamsini. Mkuu wao amemwambia mara tatu, amejibu kwamba ile ni dimbwi la kuogeshea wajukuu.

Bibi Yang akafuta makombo mapajani. "Basi hajaombwa vizuri. Huyo haogopi maji wala kufa. Anaogopa kuonekana." Akaitwa, akaingia zake ndani kwa mchezo wa pili. Sikukaa kuutazama.

Kwenye basi la kurudi nilimfikiria mama kwenye ghorofa yako ya tisa. Usikasirike, najua umepaka chumba rangi, najua umemnunulia godoro. Nilimfikiria amekaa dirishani kama yule mkunga, ametoa kichwa. Na mimi mwenyewe kila siku naingia shimoni ndani ya meli na mpira wa hewa mdomoni, mtu amesimama mlangoni kunihesabu. Nani ataniandikia karatasi ya kunitoa? Hapana mtu. Kwa sababu wanajua nikitolewa sina pa kwenda. Basi nami nimwandikie yeye?

Jumapili iliyopita nikampigia.

"Umekula?" Ndiyo salamu yake, hajabadilika.

"Nimekula, mama. Nilikwenda Busan kutazama samaki kwenye vioo."

"Mtoto wa ufukweni kwenda mjini kutazama samaki. Ungesema, ningekushikia mmoja umtazame."

"Mama," nikamwambia, "kule chini kwetu kukoje?"

Akaanza. Dada, alisema kwa saa nzima! Mama yetu ambaye barua zake ni mistari mitatu. Kumbe kule chini kila jiwe lina jina. Kuna Ng'ombe Aliyelala, ndipo anapoanzia asubuhi. Kuna Uchochoro wa Pweza, ukiingia lazima utoke kinyumenyume. Kuna mahali panaitwa Kitanda cha Bi Harusi, mwani wake ni mrefu, ukipita unakupapasa uso, na mwezi wa nne jua linapenya pale chini likawa kama limemwagwa. Akasema alipokuwa na mimba yako alikuwa akishuka pale hata kama hakuna cha kuvua, anakaa pumzi moja, anapanda. Hakuna aliyempa majina hayo ila bibi yetu, na bibi alipewa na mama yake. Na mama yetu hakuwa na wa kumwachia, maana wewe ulivuka maji na mimi nikazaliwa mwanamume.

Nikaona hapo ndipo pa kusemea. Nikamwomba kama mtoto, sikumwamrisha. Nikasema, mama, hamia bahari ya mabibi. Kwa ajili yangu. Kifua changu kibovu, siwezi tena kuziba pumzi muda wako wote.

Akatukana kidogo. Akasema mimi nimekuwa mwoga kwa kula chakula cha bara. Kisha sauti ikashuka. "Miaka hamsini na tisa nimefika pale mwambani nikakata kushoto, Tae-bong. Wote wananiona. Siwezi kuamka siku moja nikakata kulia peke yangu kama mtu aliyefukuzwa. Dada yako aje anishike mkono, anipeleke. Binti akimpeleka mama yake, hakuna wa kucheka. Asipokuja, nakata kushoto mpaka siku yangu."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza.

Kwa hiyo karatasi nairudisha ndani ya bahasha hii bila muhuri wangu. Sitaupiga. Akifa majini utanilaumu, hilo nimelijua kabla ya kuandika. Lakini wewe una nafasi ya kumtoa kwenye kina kirefu kwa mkono wako, bila karatasi yoyote. Maji mafu yajayo, bahari isipojaa wala kupwa sana, yanaanza tarehe mbili mwezi wa sita, ndipo watakapoanza tena kuzama. Mkuu wao nimeshamwambia, atamzuia mama nyumbani mpaka siku hiyo kwa kisingizio cha kushona nyavu. Zaidi ya hapo hawezi.

Ulipokuwa na miaka kumi na moja alikushika mkono pale pale, akakushusha kulia, kwenye maji ya kifuani, akakufundisha kuzama. Nilikuwa mwambani nawatazama. Ulilia kwamba maji ni baridi, naye akakucheka, lakini mkono hakuuachia.

Nisalimie shemeji Du-man, mwambie nimekusihi kwa heshima yake. Nibusie Misaki na Takuya. Shangazi Hyeon wa Tsuruhashi naye asikose salamu zangu, kama bado anauza kachumbari ya kimchi pale sokoni. Mungu akulindie goti na safari yako, na bahari ikutambue utakapofika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Hyeon Tae-bong

N.B. Njoo na viatu visivyoteleza. Ule mwamba wa kushukia sasa umeota ukungu wa kijani, na mama hatakubali kushikwa kiuno, mkono tu.